Risiti ya Bwana Rinne

Duluth, Minnesota
19 Februari

Kwa dada yangu mpendwa Verna,

Pokea salamu zangu za moyoni kutoka huku kwenye barafu. Goti lako lile walilopasua Oktoba linaendeleaje? Na mumeo Harlan, kikohozi kimemwacha? Ukiniuliza mimi, ni mzima kabisa, nakula vizuri na nalala vizuri, isipokuwa nyonga inayonikumbusha kila asubuhi kwamba nimetimiza miaka sitini na moja. Ziwa limeganda mpaka macho yanapoishia. Juzi kipimajoto cha dirishani kilionyesha ishirini na sita chini ya sifuri, na jirani yangu Gladys akapita akisema leo kuna nafuu.

Najua utashangaa kupata bahasha nene namna hii wakati tunazungumza kwa simu kila Jumapili. Lakini Dada, simu yako Harlan huiweka mezani na sauti juu kabisa, kisha hunijibu yeye kabla yako. Jambo nililo nalo safari hii ni la masikio yako. Ukishasoma unaweza kumsimulia, ila sehemu ya mwisho uiruke.

Huu ni mwaka wa tatu tangu duka la Bergstad liniondoe kwenye vyombo vya kauri na kuniweka kaunta ya kurudishia vitu. Uliwahi kuniuliza zile risiti za zawadi zinafanyaje kazi, nikakujibu juu juu kwa sababu nilikuwa na sufuria jikoni. Leo nikueleze vizuri, maana bila hilo hutaelewa nilichofanya.

Mtu akinunua zawadi, mwenye mashine humtolea risiti mbili. Moja ni ya kawaida, anabaki nayo. Ya pili ndiyo ya zawadi: ina tarehe, ina jina la kitu, ina ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, lakini bei haipo. Hiyo anaitumbukiza ndani ya boksi kabla ya kufunga karatasi. Aliyepewa, kitu kisipompendeza, anatuletea pamoja na risiti hiyo kabla ya Januari kwisha. Mimi naikagua zawadi, naisomesha mashine ile mistari, na mashine inajua kila kitu: nani alinunua, lini, na kwa bei gani. Mteja anabadilisha na kitu kingine au anachukua kadi ya kununulia hapa hapa dukani, yenye thamani ile ile iliyolipwa, hata kama kitu chenyewe kimeshashuka bei baada ya sikukuu. Asiye na risiti hupewa bei ya chini kabisa. Fedha taslimu haitoki. Na kubwa kuliko yote, aliyenunua haambiwi. Bwana Hokanson, meneja wetu, ambaye angeweza kuwa mwanangu, alinieleza siku ya kwanza kwamba kazi yangu ni nusu kupokea vitu na nusu kufunga mdomo.

Utacheka jinsi watu wanavyohangaika kuijua ile bei iliyofichwa. Wapo wanaoiinua risiti kwenye taa kama wanatafuta noti bandia. Wengine hunong'ona kuniuliza, na mimi hutikisa kichwa kwa heshima zote, kisha nawapa kadi yenye kiasi kile kile kilichoandikwa juu yake, kwa hiyo siri yenyewe hudumu kama dakika tano. Mwaka juzi mama mmoja na mkwe wake walikutana kwenye foleni yangu, kila mmoja amekumbatia boksi alilopewa na mwenzake. Walisalimiana vizuri sana, wakazungumzia theluji.

Ndivyo tulivyo watu wa huku, wewe unajua. Mama yetu hakuwahi kusema zawadi ni mbaya. Aliishika, akaigeuza, akasema, "Hii ni tofauti." Basi, ukasikia neno hilo, ukajua umekosea.

Sasa nikuambie habari za Osvald Rinne. Ana miaka sitini na tisa, alifanya kazi maisha yake yote kwenye gati la kupakia mawe ya madini ya chuma melini, na mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Ni mrefu, masharubu yake meupe, na mikono yake ukiiona utadhani ameazima ya mtu mkubwa zaidi. Ana binti mmoja tu, Kirsti, anayefanya kazi kwenye kampuni ya bima huko Minneapolis, kazi ya kuwaza mabaya mchana kutwa. Nilimjua bwana huyu kwenye kaunta. Desemba ya kwanza alileta joho zito la kuvaa baada ya kuoga, zawadi kutoka kwa Kirsti. Desemba ya pili alileta ndara zenye soli za kuzuia kuteleza, pamoja na mkongojo unaokunjwa. Mara zote mbili alichukua kadi ya duka, akapanda ghorofani kwenye vifaa vya michezo, akarudi na nta ya kupaka mbao zake za kutelezea theluji, kisha akasimama tena mbele yangu kunionyesha alichonunua, ingawa haikuwa lazima.

Mwaka wa kwanza nilimwita mzee. Aliniambia taratibu nisimwite hivyo, kwamba katika kazi ya kumzeesha binti yake anatosha.

Desemba iliyopita, tarehe ishirini na saba, alikuja na boksi kubwa. Ndani mlikuwa na blanketi la umeme la kupashia miguu. Kama sheria inavyotaka nililifungua kulikagua, na kati ya mikunjo nikakuta karatasi ya rangi yenye picha za makao ya wazee, na juu yake mwandiko wa mwanamke: "Baba, chumba namba kumi na mbili kina dirisha la bustani. Wanatungoja tarehe mosi Februari." Nilimrudishia. Aliikunja ikawa ndogo kama stempu.

Foleni ilikuwa fupi saa ile, tukazungumza. Alinieleza kwamba kila Kirsti alipopiga simu kuuliza kama joho linafaa, alimjibu linafaa. Ndara? Anazivaa. Mkongojo? Unamsaidia sana. Hakutaka kumvunja moyo. Na binti kwa majibu hayo akazidi kumwona babake amechoka, akaona nyumba inamzidi, akatafuta makao, na dalali wa nyumba akaambiwa aje mwisho wa Januari. Nilimuuliza alimjibu nini kuhusu chumba namba kumi na mbili. Alisema alijibu sawa.

"Sawa vipi, Bwana Rinne?" nikamwambia. "Wewe juzi umeteleza kutoka msitu wa Lester mpaka kwenye mto kule juu."

"Alikuwa amefurahi sana, Bi Arlys," akasema. "Mtu aliyefurahi unamkatalia vipi?"

Nilisomesha mashine ile risiti. Na hapo, Dada, ndipo kosa lilipotokea. Mashine yetu huonyesha vitufe viwili: cha kijani hutoa kadi ya duka kwa aliyepewa zawadi, cha njano hurudisha pesa kwenye kadi ya benki ya aliyenunua. Cha njano ni cha risiti za kawaida. Kwa risiti ya zawadi hakiguswi kamwe, kwa sababu papo hapo simu ya mnunuzi hupokea ujumbe. Mimi nilibonyeza cha njano. Kadi ya duka haikutoka, lakini nilimwambia Bwana Rinne mambo yote yako sawa, nikamtakia mwaka mwema, naye akaondoka na kikaratasi cha mashine tu mkononi.

Kumbe Kirsti alipoona ujumbe kwamba blanketi limerudishwa, hakuwaza hata kidogo kwamba babake ndiye. Yeye alijua babake hawezi kushuka ngazi bila mkongojo. Aliwaza mwizi. Aliwaza kuna mtu amejifanya mtu mwema, ameingia nyumbani kwa mzee mgonjwa na kumchukulia vitu. Alipiga simu jioni ile mara sita, na simu ya Bwana Rinne, kama kawaida yake, ilikuwa jikoni na mwenyewe yuko banda la nyuma anapaka nta. Asubuhi yake akaingia kwenye gari, mwendo wa saa mbili na nusu kwenye barabara yenye barafu, akakuta mlango haujafungwa na nyumba haina mtu. Kabatini hakuna joho. Chini ya kitanda hakuna ndara. Ndipo akaja dukani.

Nilimtambua kabla hajasema jina, kwa mikono ile mikubwa ya babake. Alisimama mbele ya kaunta na kofia imepinda, akanionyesha simu yake, akataka kujua ni nani aliyerudisha lile blanketi. Nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba siruhusiwi kusema. Alisema basi ataita polisi. Nikaona hapa kufunga mdomo kumefika mwisho wake.

"Mwanangu," nikamwambia, "hakuna mwizi. Mimi nilibonyeza kitufe kisicho chake, vinginevyo usingejua hili. Babako amelileta mwenyewe, kwa miguu yake."

"Baba hawezi kutembea mpaka huku."

"Hakutembea. Alikuja na mbao zake mpaka bustani ya chini, akaziegemeza nje."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari za mtu mwingine. Kisha machozi yakamtoka pale pale, foleni nzima ikaanza kutazama dari. Bwana Hokanson akaja mbio na boksi la karatasi laini. Nilimwomba mapumziko yangu ya chakula cha mchana mapema, nikavaa koti, nikapanda gari la yule binti, yeye akiendesha, mpaka kwenye njia za msitu wa Lester, ambako babake huteleza kila siku. Njiani alinieleza kwamba mama yake alianguka kwenye ngazi akiwa peke yake nyumbani, na kwamba siku hiyo yeye Kirsti alikuwa amepanga kupiga simu, akaahirisha. Tangu hapo kila akifunga macho anamwona babake chini ya ngazi zile zile. Sikumkatiza. Nilimwelekeza tu pa kukata kona.

Tulingoja chini ya kilima labda dakika ishirini, tunakanyaga theluji kupasha miguu moto. Watu walipita, vijana, mama na mtoto mgongoni. Kisha juu kabisa akatokea mtu mrefu mwenye kofia nyekundu, akainama, akashuka. Dada, alishuka kama kitu kilichomwagwa. Kirsti akaniuliza kama yule ni mwalimu wa hapa. Nikamwambia angoje.

Bwana Rinne alifika chini akageuza mbao zake zikatupa theluji mpaka kwenye viatu vyetu, barafu imening'inia kwenye masharubu. Alipomwona bintiye alisimama wima kama mwanafunzi.

"Baba, unafanya nini?"

"Nateleza."

"Na blanketi?"

Alinitazama mimi, kisha akatazama chini. "Nimelirudisha. Na joho. Na ndara. Mkongojo pia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, mwanangu."

"Sikuwa nimefurahi, Baba. Nilikuwa naogopa."

Mimi nikajifanya nimeona ndege kwenye mti. Nilipogeuka, Kirsti alikuwa amemshika babake kwenye mikono ya koti na anacheka huku analia, anauliza ni vitu gani vingine, naye anataja kimoja kimoja kama mtu anayetoa mizigo garini: ile mashine ya kupimia presha, ile mito ya mgongo, ile saa inayopiga kelele mtu akianguka. Hivyo vilikuwa vimerudishwa kwenye maduka mengine. Nilihisi wivu kidogo, nisikufiche.

Walinilazimisha niende nao kula supu ya mchele mwitu nyumbani kwa Bwana Rinne, nikachelewa kazini saa nzima. Mezani wakapatana. Kirsti alipiga simu makao yale akafuta chumba namba kumi na mbili, na dalali akaambiwa asije. Babake aliahidi kubeba simu mfukoni kila anapotoka na kumpigia kila jioni, na kusema ukweli akiulizwa hali, hata kama ukweli ni kwamba kiuno kinauma. Januari nzima Kirsti amekuja mara mbili kufundishwa kuteleza. Anaanguka vizuri sana, babake anasema, kama mtu wa bima.

Kwa Bwana Hokanson nilipata onyo la maandishi, la kwanza katika miaka kumi na tisa, na nusu siku ya kufundishwa upya vitufe na msichana wa miaka ishirini aliyeniambia kwa upole kwamba kijani ni kijani na njano ni njano. Nilimshukuru. Wenzangu wote wanajua mama Arlys macho yameanza kumchezea.

Sasa hapa ndipo Harlan anapokomea.

Dada, macho yangu hayana neno. Vile vitufe navijua kama ninavyojua ngazi za nyumba tuliyokulia. Kidole changu kilisimama juu ya kile cha kijani, na nikamkumbuka Mama, siku mimi na wewe tulipomwambia tumempatia mahali pazuri penye dirisha kwenye makao ya wazee, naye akaitazama picha tuliyomletea, akaigeuza, akasema sawa. Tukaamini. Tukafurahi hata, tukaenda kunywa kahawa. Sijui kama wewe huikumbuka siku ile. Mimi huikumbuka. Nikakisogeza kidole kwenye njano nikabonyeza kwa nguvu kabisa. Nilivunja siri ya mtu aliyeniamini, nikamdanganya meneja wangu, nikamdanganya Kirsti usoni. Sitaki uniambie kwamba niliwafanyia wema. Sikujua kama ungekuwa wema. Angeweza kuja akamchukua babake siku hiyo hiyo.

Na kuna la pili. Tangu mwaka uanze, Bwana Rinne amekuwa akija kaunta kila Alhamisi bila cha kurudisha. Huja na mkate mtamu wa iliki anaouoka mwenyewe kwa namna ya mama yake, umefungwa kwenye taulo la jikoni. Ijumaa mbili tumekwenda kula samaki wa kukaanga ukumbi wa kanisa, na watu wameanza kutuachia viti viwili. Jumapili iliyopita, jikoni kwangu, aliniposa. Hakupiga magoti, alisema akipiga goti kwenye sakafu ile ya vigae nitahitaji kumwitia Kirsti. Aliuliza tu, akaketi, akangoja.

Moyo wangu ulisema ndiyo, lakini mdomo ukakataa kwanza. Nilimwambia kuna kitu lazima akijue, kisha kama atataka kuchukua koti lake sitamzuia. Nikamweleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe, kidole, kijani, njano, hata Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akaenda kwenye koti lake lililotundikwa mlangoni. Nikasema moyoni, basi, Arlys, umeyataka.

Akatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi ndogo ya mashine, akaiweka mbele yangu mezani. Ilikuwa ile niliyompa siku ya tarehe ishirini na saba. Mstari wa chini kabisa umeandikwa wazi: pesa zimerudishwa kwa mnunuzi. Alisema aliisoma kabla hajatoka, akiwa kati ya ile milango miwili ya vioo, akasimama pale mpaka watu wakamwomba apishe.

"Kwa hiyo ulijua," nikamwambia.

"Nilijua umekosea," akasema. "Nikaogopa nikirudi kukuambia utasahihisha."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikamwambia ndiyo.

Tumepanga Jumamosi ya pili ya Juni, barafu ikiwa imeondoka na wewe ukiwa huna kisingizio. Chumba cha juu ni chenu, wewe na Harlan, na nimeshamwambia Osvald kwamba Harlan anakoroma. Ungefika hata wiki mbili kabla ningefurahi zaidi, kwa sababu nataka unichagulie gauni, nami kwa mara ya kwanza maishani nitakuambia kwa mdomo kama silipendi. Na siku moja kati ya hizo, twende wawili tu tukamwekee Mama maua.

Nisalimie watoto wote na wajukuu, na yule mdogo mwambie bibi Arlys amepata kadi yake ya kuchora na ameibandika jikoni. Goti lako ulitunze, ufanye yale mazoezi hata kama yanachosha. Gladys anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia nini. Osvald yuko hapa anakata mkate na ananiuliza kama nimeshafika kwenye habari zake. Anasema salamu zake mtazipata kwake mwenyewe atakapowashika mkono.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda,

Arlys